Mizizi ya Kunde Ising'olewe

Kila baada ya mavuno ya masika, mashamba mengi nyuma ya mji wa Malindi, kuanzia Ganda hadi Magarini ng'ambo ya Mto Sabaki, hubaki matupu. Mabua hukusanywa yakachomwa, kunde hung'olewa na mizizi yake, na ardhi huachiwa jua na upepo. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa tunachokitupa mpakani mwa shamba ndicho kilichokuwa kikiijenga ardhi yetu.

Msimu uliopita nilichimbua shina moja la kunde lililokuwa likichanua kati ya mahindi, nikalitikisa taratibu mpaka mchanga ukapukutika. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu vidogo, vingine kama punje za mtama. Nilipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Wekundu huo ni dalili kwamba bakteria waishio humo wamo kazini, wakichukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tuivutayo, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Lakini kunde zikiachwa zikomae, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huhamia kwenye mbegu. Kwa hiyo anayekusudia kuilisha ardhi kabla ya kujaza chungu chake, azikate zinapochanua.

Hata hivyo, kwetu sisi wenye ardhi ya mchanga, ambayo mvua ikinyesha asubuhi jioni juu pameshakauka, nathamini zaidi kazi nyingine ya mizizi. Mzizi ulio hai hutoa sukari inayowalisha bakteria na kuvu wa udongoni, nao hutoa utando na nyuzi zinazogandisha chembe za mchanga, hata zikawa madonge madogo yanayoshika maji. Ardhi isiyo na mzizi hai hukosa chakula hicho.

Mbaazi nazo hushuka chini zaidi, kupita mita moja, zikitoboa lile tabaka gumu linalotokana na jembe kupiga kina kilekile miaka nenda miaka rudi. Mzizi wake ukifa na kuoza huacha kitundu, na nimeona kwa macho yangu mzizi mweupe wa mhindi ukiteremka ndani ya kitundu cha namna hiyo, kana kwamba umechimbiwa njia.

Wapo wanaosema kwamba mimea ya kufunika ardhi itamaliza unyevu wakati wa kiangazi, na hoja yao ina uzito. Ndiyo maana nashauri kunde na fiwi zipandwe mvua ikiwa bado ipo, kisha zikatwe na majani yaachwe juu yawe matandazo. Kikwazo kigumu zaidi ni mbuzi, ambao baada ya mavuno huachiwa wazurure watakako. Jambo hili mkulima mmoja hawezi kulimaliza peke yake, na majirani hawana budi kukaa chini wapatane tarehe ya kuwafungulia.

Kukata kwenyewe hakuhitaji gharama. Mundu hupitishwa usawa wa ardhi, majani hulazwa pale pale, na mizizi huachwa ilipo hadi mahindi ya vuli yapandwe kando ya visiki vyake.