Siku Shingo Yangu Ilipogoma Kushuka

Tai wa dhahabu akitandaza mabawa anafikia mita mbili na ushee, ncha hadi ncha. Ukisikia hivyo unadhani kumhesabu ni kazi ya kukaa na kusubiri tu, maana nani asiyeona kitu cha mita mbili? Sasa mpandishe juu ya kilele cha karibu mita 2,500, wewe simama bondeni, halafu apite kwenye anga la buluu lisilo na wingu hata moja. Anakuwa nukta. Tena nukta ya kalamu iliyokwisha wino.

Mlima huo ni Lorette, kwenye bonde la Kananaskis, jimbo la Alberta, Kanada. Baridi ikianza kulegea, tai waliokwenda kujihifadhi magharibi mwa Marekani hupita hapo wakirudi kaskazini, Yukon na Alaska, kuwahi viota. Ajabu ni kwamba hadi 1992 wataalamu hawakuwa na habari kabisa. Machi ya mwaka huo Peter Sherrington na mwenzake walikuwa bondeni wakitazama ndege wengine, wakainua macho, wakaona tai. Kisha mwingine. Kufika jioni walikuwa wameona zaidi ya mia moja. Yaani ndege wa kilo nne, tano, wanapita kwa mamia juu ya vichwa vya watu, na hakuna aliyetazama juu! Niliposimuliwa habari hii mara ya kwanza niliwacheka sana watu wa kabla ya 1992. Siku hizi siwacheki. Wenzetu walikuwa wanatunza shingo zao.

Tuliohesabu siku ile tulikuwa kikundi kidogo cha kujitolea chini ya mama mmoja, mwalimu mstaafu wa hisabati. Sote tulimwita Mwalimu, na hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Mwalimu alikuwa na fomu. Kila saa ikitimia fomu inajazwa: joto, upepo unatoka wapi, mawingu yamefunika kiasi gani, amepita ndege gani, na ana umri gani. Ndiyo, umri. Tai kijana ana mabaka meupe chini ya mabawa na kwenye shina la mkia, na jinsi anavyokua ndivyo weupe unavyopotea. Machi hupita wakubwa, wenye haraka zao kwa sababu wana nyumba na madai ya kugombea huko waendako. Vijana huja nyuma yao, Aprili, wakizurura, hawana kodi wala mtoto.

Ndege wote hao hupita bure. Upepo wa magharibi ukigonga ubavu wa mlima hauna pa kwenda ila juu, na tai anaupanda bila kupiga bawa. Jua likishapasha miamba, hewa ya moto nayo inapaa, tai anaingia ndani yake, anazunguka, anazunguka, mpaka awe juu kabisa, kisha anajiachia kwenda kuutafuta mnara mwingine wa hewa huko mbele. Mara nyingine wanajikusanya kadhaa kwenye mzunguko mmoja, na hapo ndipo wageni huumbuka. Mtu anaanza: mmoja, wawili, watatu, wanne, huyu nimeshamhesabu, au siye? Mwalimu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka ikaniingia usingizini: "Anayezunguka haumhesabu. Subiri atoke." Wakitoka hutoka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kuelekea kaskazini, nawe unabonyeza kikaunta chako kwa kila anayevuka. Tak. Tak. Tak.

Wazoefu walikuja na viti vya kuegemea, wakalala chali kama wagonjwa, blanketi mpaka kidevuni, darubini kifuani. Mimi nilipewa kigoda. Kigoda hakina mgongo. Nilikaa nimeangalia juu tangu saa tatu asubuhi, na kufika saa saba mchana nilikuwa nimeshajifunza kwamba kichwa cha binadamu ni kizito kuliko kinavyoonekana kwenye picha.

Saa nane hivi mtu akapiga kelele: "Mzunguko! Juu ya ukingo, kushoto!" Nikarusha kichwa nyuma niwawahi. Na shingo ikasema tak.

Haikuwa kikaunta.

Nikajaribu kuteremsha kichwa. Hakuna. Nikajaribu kukigeuza kulia. Maumivu yaliyonijibu siwezi kuyaandika mahali wanaposoma watoto. Nilikuwa nimeganda, pua juu, mdomo wazi, macho yakitazama utosi wa mbingu.

"Mwalimu," nikasema, "shingo yangu imegoma."

"Usisogee," akajibu, macho yake ukingoni.

"Siwezi kusogea."

"Vizuri sana."

Nikanyamaza nikiamini kwamba wale wakishapita nitahudumiwa. Kumbe Mungu ana utani wake. Wenzangu wote walikuwa wanatazama ukingo wa mlima, maana ndiko tai walikopita asubuhi nzima. Lakini mchana ule jua lilikuwa limepasha bonde lote, na baadhi yao walikuwa wamepanda mpaka wakaja kukatiza juu yetu kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama bila sababu. Mimi nilikuwa na sababu.

"Tai," nikasema kwa sauti ya mtu anayesukutua. "Juu yetu. Mkubwa. Mwingine. Mwingine tena, huyu ana mabaka."

Kimya. Kisha nikasikia viti vikilia kwa pamoja, watu wakiinuka.

"Ee Bwana," Mwalimu akasema taratibu, "wapo kweli." Nikahisi mkono begani. Nikadhani sasa ananikanda. Alikuwa ananigeuza pamoja na kigoda, nyuzi chache upande wa mashariki, nielekee vizuri. "Hapo hapo, kijana. Unaona vizuri?"

"Naumwa vizuri."

"Nimeuliza kuona."

Basi nikawa kifaa. Watu wengine wana teleskopu ya miguu mitatu, Mwalimu alikuwa na mimi. Nilitangaza, yeye akaandika. Machozi ya baridi yalinitiririkia masikioni. Mafua, ambayo kwa kawaida yana adabu ya kutoka nje, yalirudi ndani. Mwenzangu mmoja mwenye huruma alileta chai ya chupa na kunimiminia kidogo mdomoni, na nusu ya bonde la Kananaskis likasikia nilivyopaliwa. Mwalimu alichosema ni kwamba kelele zinaweza kumfanya mtu apoteze hesabu.

Najua wengi wenu mnasubiri niseme ndege mmoja alijisaidia kwenye mdomo wangu uliokuwa wazi. Samahani. Kwa umbali ule hata angekusudia asingenipata.

Baada ya muda familia moja ya watalii ikapita, ikaona watu wamesimama kumzunguka mtu mmoja aliyekodoa macho mbinguni bila kupepesa. Wakasimama. Nao wakatazama juu. Wakaja wengine. Nikasikia mtoto akiuliza, "Mama, huyu mjomba anaomba?" Mama yake akamnong'oneza asimsumbue mtu kwenye ibada. Na mimi nikaendelea: "Tai. Tai. Kipanga. Kunguru, huyo mwache."

Saa kumi jioni wingu likafunika jua, hewa ikapoa, anga likafungwa. Hapo ndipo Mwalimu alipokumbuka kwamba nina mwili. Wakanishika mkono huku na huku kunivusha kwenye barafu mpaka maegesho, mmoja akisema "jiwe", mwingine akisema "shimo", mara nyingi baada ya shimo.

Kwenye maegesho nikasikia sauti ya kulamba. Lap, lap, lap. Nikauliza nani analamba nini.

"Kondoo wa milimani," wakanijibu. "Wanalamba chumvi ya barabarani kwenye magari."

Hao ndio kondoo wenye pembe kubwa zilizojikunja, wanyama ambao watu husafiri mbali kuja kuwapiga picha. Walikuwa hatua mbili kutoka kwangu, dume zima likifanya usafi kwenye mlango wa gari, na mimi nimeona nini? Wingu.

Kiti cha mbele kilinikataa, paa lilikuwa chini mno kwa mtu wa umbo langu jipya. Wakakunja viti vya nyuma, wakanilaza chali katikati ya mifuko na stendi za teleskopu, kichwa kikielekea kioo cha nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu saa nane nilikuwa na raha: nimelala na bado naangalia juu, kama wazoefu. Mwalimu akaendesha, tukaanza kurudi Calgary.

Tulikuwa hatujafika mbali wingu likaachia upenyo, na ndani ya ule upenyo, kupitia kioo cha nyuma, nikamwona. Mabawa yameinuka kidogo umbo la V, kichwa kidogo, mkia mrefu. Si tai mwenye kichwa cheupe, huyo hunyoosha mabawa sawasawa. Huyu alikuwa wa dhahabu, na wa chini kuliko wote wa siku ile.

"TAI!" nikapiga kelele.

Mwalimu akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Stendi zikaruka, mifuko ikaruka, mimi nikateleza mzimamzima kwenda mbele mpaka nyayo zikagonga viti, na shingo ikasema tak tena, safari hii kwa sauti iliyosikika kwa kila mtu. Nikainuka kitako. Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Nikatazama magoti yangu, nikayasalimu.

"Nimepona!" nikasema. "Mwalimu, nimepona! Na tai yule pale, muandike!"

Mwalimu alikuwa ameteremsha kioo, kichwa nje, darubini usoni. Akamfuata yule ndege mpaka akapotea nyuma ya mlima. Kisha akapandisha kioo.

"Haandikwi," akasema. "Tumeshatoka kituoni."

Daktari aliyenipima kesho yake alisema msuli ulikuwa umekaza, akaniambia nikande kwa maji ya moto na nisiinue kichwa juu kwa muda mrefu mpaka utulie. Aliniambia pia breki si tiba inayotambulika, na kwamba nishukuru haikunimaliza. Akauliza kazi gani inayomweka mtu hivyo saa nzima nzima. Nilipomweleza aliandika kitu kirefu kwenye faili langu, na hakunionyesha.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Mwalimu. Nikaguswa kweli, nikajua mama wa watu amekosa usingizi kwa ajili yangu.

"Shingo inaendeleaje, kijana?"

"Imepona kabisa, Mwalimu. Inazunguka pande zote."

Akakaa kimya kidogo.

"Pole sana," akasema, akakata simu.