GTX 1060: ibaki au itoke?

GTX 1060, kadi ya grafiki ya Nvidia yenye kumbukumbu ya GB 6, ilitoka mwaka 2016, na wanaoitetea hadi leo si wabahili tu. Anayecheza Valorant, CS2 au GTA V kwenye monita ya 1080p ya hezi 60 bado anapata fremu 60 na zaidi kwa sekunde, na zinazozidi hapo monita haizionyeshi.

Upande wa pili umepata nguvu karibuni. Gemu za Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages zinataka angalau kadi ya RTX 2060 Super au RX 6600, kwa sababu mwanga wake hukokotolewa na sehemu maalumu ya kadi ambayo 1060 haina. Hapo kushusha grafiki hadi chini kabisa hakusaidii. Nvidia nayo ilitangaza kuwa draiva (programu za kuendesha kadi) za gemu mpya kwa kizazi cha 1060 zingekoma Oktoba 2025. Kinachobaki ni viraka vya usalama.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kinachokwamisha ni kadi kweli. Zima V-Sync, inayofunga fremu kwenye kasi ya monita, na kikomo cha fremu (usipozima, kadi itaonekana imepumzika kumbe imezuiwa), kisha cheza huku programu ya MSI Afterburner ikionyesha matumizi ya kadi na prosesa. Kadi ikikaa asilimia 95 kwenda juu, yenyewe ndiyo tatizo. Ikizunguka 60 huku kiini kimoja cha prosesa kimefika 100, anza na prosesa.

Tuseme ni kadi. RTX 4060 inakula wati 115, chini hata ya 1060 yenye 120. Kasoro yake utaikuta kwenye madabodi: inatumia njia 8 tu za PCIe, muunganisho wa kadi na bodi. Bodi ikiwa ya PCIe 3.0, kasi ya njia hizo inapungua nusu, na GB 8 za kumbukumbu ya kadi zikijaa, data inapitia humo kutoka RAM na gemu inaanza kukatakata. Kwa bodi hizo ningechukua RTX 3060 ya GB 12, ingawa kwa kasi ghafi iko nyuma. Soma boksi vizuri: ipo 3060 ya GB 8, yenye basi (njia ya data) ya kumbukumbu ya biti 128 badala ya 192, na kasi yake ni ndogo zaidi.

Gharama ya 3060 ni umeme: wati 170, na pawasaplai inayopendekezwa ni ya 550. Nyingi zina tundu la pini 8. Adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme ya diski) kwenda pini 8 ni ya bei rahisi, na ndiyo inayoyeyuka, maana plagi ya SATA hubeba kama wati 54 kwenye volti 12 wakati tundu hilo linaweza kudai 150. Kama bajeti haitoshi kadi na pawasaplai kwa pamoja, 1060 ibaki.