Benzi ya mzee: iuzwe imelala au iamshwe kwanza?

Kwenye banda moja la Shanty Town, Moshi, kuna Benzi 280 CE ya milango miwili iliyofunikwa turubai tangu macho ya mzee yalipoanza kufifia. Aliinunua mpya, hakuwahi kumpa mtu mwingine usukani, na sasa ametangulia mbele ya haki. Watoto wamegawanyika. Mmoja anataka iuzwe ilivyo, hata kesho. Mwingine anataka iende gereji, iwake, ipigwe rangi, ndipo atafutwe mteja.

Huyu wa pili si wa kupuuzwa. Gari lisilowaka dalali huliona kama chuma chakavu, na gharama ya kulivuta hadi Arusha mteja ataikata kwenye bei yako. Isitoshe, toleo hili la 1977 hadi 1985 halina nguzo ya katikati. Ukishusha vioo vyote, ubavu mzima unabaki wazi. Uzuri huo unauonaje wakati kuku ametagia kiti cha nyuma?

Tatizo ni namna ya kuiamsha. Injini yake ya silinda 6 hailishwi na kabureta. Inatumia mfumo wa Bosch K-Jetronic, unaoinyunyizia petroli kwa mgandamizo wa pampu. Petroli iliyolala miaka hugeuka gundi. Ya kwenye tangi hili ilitoka na rangi ya chai ya rangi, inanuka vanishi. Ukifunga betri mpya na kupiga stata, pampu inasukuma uchafu wote ule hadi kwenye kigawa mafuta, kifaa kinachogawia kila silinda petroli yake, na mafundi wengi waliozoea Corolla hawajawahi kukifungua. Fundi makini hutoa plagi, akadondosha oili kidogo kwenye silinda, akaizungusha injini kwa spana, polepole. Hii ilizunguka. Rekodi hilo kwa simu. Litakuuzia gari kuliko rangi mpya.

Rangi naipinga moja kwa moja. Mnunuzi anayezijua Benzi atainua zulia, atapapasa pale pa kuwekea jeki na chini ya kioo cha nyuma. Akikuta rangi ya juzi, atawaza puti inaficha nini. Gari lililokaa Moshi halikuvuta hewa ya chumvi iletayo kutu kama la Tanga, sasa ushahidi huo unaufunika wa nini? Halafu spea za injini na breki nyingi ni zilezile za W123, Benzi ya milango minne ya kizazi hichohicho, lakini milango na vioo vya ubavuni ni vya aina hii peke yake. Fundi bodi akivunja kimoja, utakitafuta mpaka uchoke.

Hata anayetaka kuuza kesho ana kikwazo. “Mmiliki mmoja” ni neno tamu kwenye tangazo, ila mmiliki mwenyewe ni marehemu na kadi ina jina lake. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna wa kusaini. Muda huo wa kusubiri unatosha kusafisha tangi, kubadili mafuta ya breki na kutafuta makaratasi. Haraka haipo kwa kweli: anayetaka kuagiza gari la umri huu kutoka nje anakutana na ushuru wa uchakavu unaotozwa magari ya zamani, na hili limeshaingia nchini zamani.

Mimi ningeiuza imelala, tangi safi, injini inazunguka, vumbi limefutwa, bei ya kati. Kadi imepatikana wiki iliyopita ndani ya kitabu cha sevisi, chini ya kiti cha dereva. Kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi bado hakijakaa.