Kabla ya Kukata Tiketi ya Mafia, Hesabu Mwezi

Ikikaribia Desemba, kundi letu la wazazi huku Tabata huanza kuulizana: shule zinafungwa, watoto tuwapeleke wapi? Wenye uwezo wa kusogea hadi kisiwani hujibu kwa ratiba. Siku ya kwanza huku, ya pili kule, ya tatu boti, ya nne sokoni. Mimi ratiba hizo sizitaki tena, na ningependa wazazi wenzangu waziogope kama ninavyoziogopa mimi.

Safari yetu ya kwanza ya kisiwani ilikuwa Unguja, siku nne, na tuliipanga saa kwa saa. Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, pomboo wa Kizimkazi alfajiri, kima punju wa Jozani, kisha Paje kuogelea. Vyote ni vizuri, hilo silipingi. Lakini Unguja si kisiwa kidogo, na sisi tuliishi garini. Kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka mitano, alilala kwenye kiti siku nzima halafu usiku akakesha. Tulipofika Paje, saa tano asubuhi, bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa hadi kule kwenye mwamba, na watoto wakabaki wamesimama mchangani na maboya yao mikononi wakiniangalia. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote habari za maji. Jioni, kwa kuwa tulikodi nyumba ili kubana matumizi, nilirudi jikoni kama nilivyokuwa Tabata, ila safari hii kwa sufuria zisizo zangu. Niliporejea Dar niliomba siku mbili kazini ili nipumzike kutokana na mapumziko.

Mama mkwe wangu aliyasikia hayo yote akaniuliza swali moja: "Mwanangu, mlikwenda mwezi ngapi?" Nikamjibu Juni. Akasema, "Sikuulizi huo wa ukutani. Nakuuliza wa angani."

Yeye ni mtu wa pwani, kakulia kwa wavuvi, na hesabu yake nimejifunza kwake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwenye pwani yetu tofauti hupita mita tatu. Unapokuwa nusu, karibu mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, ni maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu. Mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani ana jedwali la bahari bila kujua. Tena saa zake hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua, pwani hii ya kwetu, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake, asubuhi ya saa nne ndipo yamejaa. Kila siku inayopita saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Basi. Mzazi akishajua hivyo anajua siku gani watoto wataogelea asubuhi na siku gani watatembea juu ya mwamba kutafuta kaa na nyota za bahari.

Safari ya pili tulikwenda kisiwa cha Mafia, na tulikwenda na yeye mama mkwe.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, si nchi ya mbali kama baadhi ya watu wanavyoizungumza. Kwa ndege ndogo kutoka Dar ni kama nusu saa hadi Kilindoni. Kwa wenye mfuko wa kawaida njia ni ya chini: kutoka Mbagala Rangi Tatu unashika barabara ya Kilwa hadi Bungu, unakata kushoto kwenda Nyamisati, na hapo unapanda chombo kinachopita kwanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji kabla ya kutoka bahari kuu. Watoto wangu waliipenda mikoko kuliko walivyopenda ndege tuliyorudi nayo. Ila saa za kuondoka Nyamisati zinafuata maji, kwa hiyo ulizeni siku moja kabla. Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi si ya mchezo, na mwenye mtoto mdogo ningemshauri ama akope nauli ya ndege ama asubiri kaskazi ya Desemba. Chombo kisicho na maboya ya kuvaa kwa kila abiria, ya watoto yakiwemo, msikipande hata kama mmeshalipa.

Tulifikia Utende, kwenye Ghuba ya Chole, tukakaa hapohapo siku saba. Mji mkuu wa wilaya, Kilindoni, tulirudi mara moja tu kununua dawa ya mbu na nyanya. Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Kuna kiingilio, na Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisiachwe mezani.

Siku mbili za mwanzo binti yangu mkubwa aliamka na swali la mjini: "Mama, leo tunaenda wapi?" Nilimjibu hatuendi popote. Alinuna. Siku ya tatu hakuuliza. Nilimkuta na wadogo zake chini ya mnazi, wamepata rafiki wa kijijini, wanafundishwa kusuka kuti. Hapo ndipo nilipoamini kwamba kisiwa kidogo kina ratiba yake tayari, ya maji na jua na adhana, na mgeni akiibebea ya kwake zinagongana.

Ukiacha ile ya sokoni Kilindoni, tulitoka mara mbili tu kwa wiki nzima. Mara ya kwanza tulivuka kwenda Chole, kisiwa kisicho na gari hata moja, unakizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Kuna magofu yaliyomezwa na mizizi, kumbukumbu za enzi ambazo Chole ndiyo ilikuwa makao ya utawala, kabla Wajerumani hawajahamia Kilindoni 1913 kwa sababu ya kina cha maji. Watoto hawakujali habari za Wajerumani. Walichokitaka ni popo, wale wakubwa wanaokula matunda, wananing'inia mitini mchana kweupe kama miamvuli iliyofungwa. Magharibi huruka kwa mamia. Mdogo alinishika mkono kwa nguvu na hakusema neno mpaka tuliporudi mashuani. Chole, kama Utende, ni vijiji vya watu waliotulia na dini yao. Ukitoka ufukweni jifunge kanga, piga hodi, wafundishe watoto shikamoo yao isipotee kwa sababu tu wako likizo.

Mara ya pili ilikuwa papa potwe, upande wa Kilindoni, ambako huonekana kuanzia Oktoba hadi kama Machi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vijidudu na vidagaa anavyochuja kwa mdomo. Baba watoto na binti mkubwa waliingia majini. Mimi na wadogo tulibaki mashuani tukamwona akipita chini yetu, madoa meupe mgongoni, taratibu kama mtu asiye na deni. Haguswi wala hafukuzwi. Nahodha akikimbilia kumzibia njia ili mpige picha, mwambieni aache, ninyi ndio mnaolipa.

Sasa nifike kwenye jiko, maana hili ndilo linalonikera kuliko yote. Familia nyingi za Dar zikipanga safari zinahesabu nauli, malazi, boti, na hakuna anayehesabu nani atapika. Haliulizwi kwa sababu jibu linajulikana. Kisha tunasema familia imepumzika, wakati mtu mmoja kahamishiwa kazi yake kisiwani. Safari ile tulikubaliana kabla hatujanunua tiketi: tungepunguza siku, tungeacha ndege ya kwendea, lakini mpishi lazima. Mwenyeji wetu alitutafutia mama wa pale kijijini, tukapatana naye ujira wa siku bila kumkandamiza, na tukamwachia aamue mwenyewe kwa kadiri ya kilichotoka baharini. Siku ikiwa samaki changu, changu. Siku ikiwa pweza, pweza kwa nazi, na nazi ya Mafia haina upungufu. Mama mkwe, aliyepikia watu miaka hamsini, alikaa barazani akaletewa sahani. Siku ya kwanza alikuwa akiinuka kila dakika kwenda kusaidia. Ya nne aliomba aongezewe mchuzi bila kuinuka. Sijawahi kumwona hivyo.

Kwa ambao Mafia ni mbali kwa mwaka huu, hesabu ni ileile Bongoyo na Mbudya hapa Dar. Chagueni Jumamosi ya maji mafu mkitaka watoto waogelee asubuhi, beba maji ya kunywa, vaeni raba miguuni kwa ajili ya wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na msijaribu visiwa vyote viwili kwa siku moja.

Sisi tunarudi Mafia. Desemba 2026 mwezi utaandama karibu tarehe 9 na utakuwa mpevu tarehe 24, maana yake maji mafu ni kama tarehe 17 hadi 19. Tukifika tarehe 16 watoto wataanza kwa kuogelea asubuhi, na kuanzia tarehe 22 asubuhi zitakuwa za kutembea mwambani. Baba watoto ameshaandika barua ya likizo. Mama mkwe aliihakiki hesabu kwa vidole, akaikubali, kisha akauliza kama yule mpishi wa Utende bado yupo.