Historia ya Kikundi cha Sanaa Si Orodha ya Wafadhili

Vikundi vingi vya sanaa za jamii katika ukanda wa Kisumu na Kakamega vina waraka mfupi unaoitwa wasifu wa kikundi, na anayeusoma hudhani kwamba kikundi kilizaliwa siku kilipokabidhiwa cheti cha usajili, kisha kikaishi kwa kuruka kutoka mradi mmoja hadi mwingine: mwaka huu malaria, mwaka ujao uchaguzi wa amani. Waliocheza hawatajwi, wala hatuambiwi walichezea wapi. Lawama hii siwatupii wafadhili, kwa sababu wao waliomba ripoti, nasi ndio tulioamua kuifanya ripoti kuwa historia.

Utegemezi huo wa miradi ya wafadhili una asili yake. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, kule Limuru, walijenga jukwaa lao wenyewe na kuigiza maisha yao kwa Kikuyu. Serikali ikafuta kibali cha onyesho mwaka huohuo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Nadhani waliokuja baadaye walijifunza kwamba igizo la afya halimkasirishi chifu.

Hata hivyo, hayo maigizo ya afya hayakuwa kazi duni, na hapo ndipo wasifu wetu unapotunyima utamu wenyewe. Miaka ya mwanzo ya 2000, shirika la afya la PATH lilipokuwa likipambana na Ukimwi magharibi mwa Kenya, ulienea mtindo wa maigizo ya sumaku, ambao kikundi hurudi mahali palepale kwa ratiba ileile ili kuwavuta watazamaji walewale. Igizo husimamishwa mhusika anapofika njia panda, mathalani mke anayesita kumwambia mumewe matokeo ya kipimo, kisha mwezeshaji huuliza umati afanyeje, na mtazamaji anayejiona ana jibu hukaribishwa kuingia uwanjani na kuchukua nafasi ya mhusika. Mbinu hii inatokana na kazi ya mwanatamthilia Mbrazili Augusto Boal, lakini sokoni au ufukweni huendeshwa kwa Kidholuo, Kiluhya au Kiswahili, na mwezeshaji asiyejua mizaha ya mahali hupoteza umati mapema. Mwezeshaji hodari alijifunza kwa nani? Ni wahusika gani watazamaji walikataa kuwaonea huruma? Majibu ya maswali kama hayo ndiyo historia, nayo hayamo katika ripoti iliyohesabu tu vichwa vya waliohudhuria.

Jambo la pili ni ukumbi. Kituo cha jamii cha Kisumu kinabeba jina la Mama Grace Onyango, aliyekuwa meya wa kwanza mwanamke mjini humo na, mwaka 1969, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge nchini. Kumbi za aina hii huamua uhai wa kikundi kuliko ruzuku, kwani ruzuku huisha ilhali mazoezi yanahitaji paa kila wiki. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho, kwa hiyo kudai ukumbi wa bei nafuu si kuomba hisani.

Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya wa Kakamega, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, jambo lililowezekana kwa kuwa kulikuwa na maelezo yaliyoandikwa kuhusu wachezaji, ala na hafla zake. Kikundi cha mtaani hakihitaji UNESCO. Kinahitaji katibu atakayekaa na waasisi wangali hai, aandike majina ya wahusika wa kila igizo, akiwemo yule aliyeondoka kwa ugomvi wa posho, na nakala moja ipelekwe maktaba ya kaunti.