Takwimu hazijapikwa, ila someni kurasa za ndani

Mhariri, wasomaji wanaosema gazetini humu kwamba Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) linapika takwimu za ukosefu wa ajira wanakosea. Tatizo ni nani anayehesabiwa. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ukifanya kazi ya malipo hata kwa muda wa saa moja tu ndani ya wiki nzima, wewe una ajira. Kijana mwenye digrii anayesubiri kibarua nje ya lango la kiwanda Industrial Area, Nairobi, akaitwa Jumanne kupakua lori na wiki iliyobaki akarudi nyumbani mikono mitupu, kwenye takwimu huyo ameajiriwa. Na yule aliyechoka kupeleka bahasha za kaki ofisini, siku hizi anashinda kwa mamake Webuye, hahesabiwi kabisa kama mkosa ajira kwa sababu hatafuti tena.

Ndiyo maana 2020, korona ikiwa bado imetubana, kiwango cha ukosefu wa ajira kilishuka kutoka asilimia 10.4 robo ya pili hadi 7.2 robo ya tatu. Mtaani kwetu hakuna aliyeliona hilo!

Kisha zile ajira 782,300 mpya za 2024 mlizozitaja gazetini: 703,700 ni za juakali, yaani sekta isiyo rasmi. Haya, juakali ni kazi, sibishi, lakini haina hati ya mshahara wala likizo ya uzazi.

Mhariri, kwenye kurasa za ndani za ripoti zake KNBS imewahi kuchapisha pia idadi ya waliokata tamaa na wanaopata saa chache za kazi. Mbona kichwa cha habari hubeba ile asilimia ndogo pekee?