Salamu Zinazopima Mwili

Siku hizi hapa Kigoma, kijana akianza kuuchukia mwili wake, lawama ya kwanza huenda kwa simu. Sikatai kwamba picha zilizorembwa zinachangia. Lakini muda mrefu kabla mtoto hajamiliki simu, anakuwa amekwisha kuzoea kukaguliwa mwili na kutangaziwa matokeo hadharani.

Nenda kwa fundi cherehani pale Mwanga umtazame binti anayepimwa sare. Fundi anazungusha tepu kiunoni, anamtajia msaidizi wake namba kwa sauti, kisha anaongeza, "Mwanangu, mama anakulisha nini?" Wateja wanacheka, na binti naye anacheka, kwa kuwa kununa mbele ya wakubwa ni utovu wa adabu. Akikonda ndiyo balaa zaidi: ataulizwa kama anaumwa, na tangu miaka ile UKIMWI ulipotutisha, ugonjwa unaodhaniwa hauhitaji kutajwa jina.

Mwanasaikolojia Leon Festinger wa Marekani alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu akikosa kipimo cha hakika hujilinganisha na wenzake. Mwaka 1997 wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts walikwenda mbali zaidi: msichana anayetazamwa mno kama umbo huishia kujitazama mwenyewe kwa jicho la mtazamaji, na aibu huanzia hapo.

Mfano unaonishughulisha zaidi ni wa Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ambako mwili mnene ulisifiwa na kukonda kukachukuliwa kuwa dalili kwamba mtu hatunzwi na jamaa zake (ungedhani wanazungumziwa watu wa Ujiji). Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker na wenzake walipolinganisha wasichana wa shule wa mwaka huo na wa 1998, waliokuwa na dalili za matatizo ya ulaji walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Wengi huisoma habari hiyo kama hukumu dhidi ya televisheni. Mimi naona pia kwamba zile sifa za unene hazikuwakinga, pengine kwa sababu mwili wa msichana ulikuwa tayari mali ya macho ya watu, na kilichogeuka ni umbo linalotakiwa tu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema tumsifu binti kwa unene wake badala ya kumcheka, kwani anayesifiwa leo anajua kesho atakaguliwa tena. Shangazi akifika kutoka Kasulu, ana mengi ya kumuuliza mtoto wa darasa la saba yasiyohusu mwili wake.